Gumzo la "Jadida Moja": sola ya Bi Mkubwa

JUMANNE, 19:52

Salma: Assalaam alaykum nyote. Nimesubiri tokea Ijumaa. Wamesoma wote, wamejibu wawili. Nasema tena: sola ya Bi Mkubwa ni milioni tatu na laki nne. Tuko wanane. Kila mtu laki nne na elfu ishirini na tano. Mwisho Alkhamisi, Juma anunue, vitu vipande meli ya Jumamosi.

Salma: Naona tiki za buluu. Msijifanye.

Sule: Waalaykum salaam Da Salma. Mie tiki zangu za kijivu, bado sijasoma 😂

Fatma: Umeme umekatika tena tokea alasiri. Jana uliporudi ulirudi mdogo, taa inabaki wekundu tu, friji inanguruma haishiki. Sindano za sukari za Bi nimezifunga mfuko nimezitumbukiza ndani ya mtungi wa maji. Barafu ya jirani ishayayuka.

Salma: Mmesikia?

Khamis Maskati: Kwani umeme si mwingi siku hizi? Bwawa la Nyerere kule Rufiji peke yake megawati 2,115. Sola ya nini tena?

Juma Fundi: Kaka Khamis, bwawa halina neno. Tatizo njia. Sie Pemba tunalishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kilovolti 33, tokea 2010. Gridi ya bara ikizima nasi tunazima. Na hata kukiwa kuzuri bara, baina ya Wesha na kwetu Jadida kuna nguzo na miembe na transfoma iliyoelemewa. Rufiji wafurahi na maji yao, friji ya Bi haiwajui.

Sule: Unguja tumetulia, waya wetu wa Fumba kilovolti 132 😎

Juma Fundi: Huo wa 2013. Wa kabla yake ulipokufa Disemba 2009 mlikaa kiza mpaka Machi. Sie tulikuwa na majenereta ya Wesha. Nani alishuka bandarini Mkoani na begi wiki ya pili?

Sule: Nilikuja kumtazama Bi.

Fatma: Ulikuja kuchaji simu 😂😂

Maryam Dar: 😂😂😂 na ukala futari ya watu mwezi si wa Ramadhani

Salma: Nimeuliza PESA.

Khamis Maskati: Wacheni kulaumu vya kwetu tu. Aprili 28, 2025, Hispania na Ureno zilizima nchi nzima mchana kweupe. Treni zimesimama na watu ndani. Ulaya hiyo.

Salma: Khamis, bi yako anaishi Hispania?

Ami Othman: ⏩ *Imesambazwa mara nyingi* TAHADHARI. Leo usiku saa 6:30 hadi saa 9:30 miale mikali ya angani itapita karibu na dunia. ZIMA SIMU YAKO, usilale nayo karibu na mwili. Imetangazwa na NASA. Watumie uwapendao.

Juma Fundi: Ami shkamoo. Hiyo ni uzushi wa zamani sana, kila baada ya muda inarudi. Hakuna miale.

Ami Othman: Marahaba. Nimeletewa na mtu wa maana.

Sule: Ami, umeme ukiwa hamna simu zinajizima wenyewe, NASA wasihangaike.

Ami Othman: 👍

Fatma: Juma, na ile mita ya banda la uani? Nimenunua umeme wa elfu tano naingiza namba inakataa. Mara nne.

Juma Fundi: Hilo banda lilifungwa lini?

Fatma: Tokea mpangaji alipohama. Kabla ya Ramadhani ya 2024.

Juma Fundi: Basi ndio hivyo. Mita hizi za namba 20 zinahesabu dakika tokea 1993, na hesabu yenyewe ilijaa Novemba 24, 2024, dunia nzima. Kabla ya siku hiyo ilitakiwa iingizwe namba mbili za kuibadilisha. Nyumba kubwa tuliingiza, ya uani haikuwa na mtu. Sasa namba mpya ikija, mita inaiona ya zamani. Andika namba ya mita kwenye karatasi, nenda ofisini uwaambie wakupe zile mbili, uziingize kwa mfuatano, ndipo utie ya umeme. Usinunue tena kabla.

Fatma: Mie nilimlaani muuza duka bure.

Khamis Maskati: Kama tunatia sola si ivute na mota ya kisima tumalize?

Juma Fundi: Mota ya hosi moja ikiwa inazunguka wati mia saba na kitu, lakini pale inapoanza inadai mara tatu nne na zaidi. Inveta niliyopiga hesabu, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ni ya friji, taa, feni na TV ya Bi. Ukitaka mota, inveta nyengine, betri nyengine, na bei nyengine. Chuma cha kushikia paneli nacho kiwe alumini, mabati ya Bi yameshaliwa na chumvi.

Salma: Hakuna mota. Pesa.

Asha K: 🙏

Salma: Asha hiyo mikono ndiyo umelipa au unaomba?


JUMATANO, 21:07

Mbarouk: Habari za jioni wapendwa. Kuhusu mchango wa sola ya mama yetu, tumeni kwenye hii namba, yangu ina tatizo kidogo. Jina litakuja la kijana wangu. Tufanye haraka ili fundi aanze kesho.

Mbarouk: 📎 _namba ya mawasiliano imeambatishwa_

Sule: Mbarouk kawa wa mwanzo kwenye mchango?? Piga takbiri 😂

Maryam Dar: Afadhali mtu kashika. Nshatuma laki mbili, zilobaki mwisho wa mwezi.

Salma: Mbarouk, nani kakupa kazi? Pesa zinakuja kwangu.

Mbarouk: Nimekubaliana na fundi ili kurahisisha. Msiwe na wasiwasi.

Juma Fundi: Na mie? Sijasema na Mbarouk wiki ya pili hii.

Time: Jamani Mbarouk yuko dago, kambi ya wavuvi. Simu kaiacha nyumbani, ipo kwenye chaja hapa mbele yangu. Hakuna anayeigusa.

Salma: Subhanallah.

Juma Fundi: MSITUME. Time, leo kuna mtu kapiga?

Time: Mtoto anasema kapiga mtu na sauti nzuri, kamwambia zimekuja namba sita kwenye simu ya baba kwa makosa, azisome. Kazisoma. Alidhani ni za bando.

Juma Fundi: Basi keshaichukua akaunti. Fanya hivi sasa hivi. Fungua WhatsApp kwenye simu hiyo, andika namba ya Mbarouk upya, zitakuja namba sita nyengine, ingiza mwenyewe usimsomee mtu. Ukiingia wewe, yeye anatoka. Ikikuuliza namba ya siri usiyoijua, kaiweka yeye, utangoja siku saba. Da Salma mtoe kundini. Da Maryam wapigie kampuni yako ya simu wajaribu kuizuia, na namba ya mwizi iripoti 15040.

_Salma amemtoa Mbarouk_

Juma Fundi: Na nyote, leo, tieni uthibitisho wa hatua mbili. Upo kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Namba ya siri iwe yako, si mwaka wa kuzaliwa. Halafu pigeni *106# muone kitambulisho chako kimesajili laini ngapi. Usije ukakuta na wewe unaibia watu huna habari.

Sule: Nimepiga. Zipo tatu, mie nina mbili. Sijui ya tatu ya nani.

Juma Fundi: Kesho nenda kaifute. Si utani.

Maryam Dar: Wamenijibu pesa ishatolewa.

Maryam Dar: Laki mbili.

Khamis Maskati: Pole Maryam. Mungu atakupa nyengine.

Maryam Dar: Na mie leo niseme. Huyu ni mwizi wa mtandao, sawa. Na lile jenereta la marehemu Mzee, 2010, lilibebwa na mwizi wa mtandao?

Time: Da Maryam.

Maryam Dar: Nauliza tu. Umeme wa Tanga umefika, watu wanashangiria, jenereta linatoka Jadida juu ya gari ya ng'ombe, Mbarouk kakaa ubavuni. Mpaka leo pesa yake hatuijui rangi. Leo namba inasema "Mbarouk" nikaona ndiye yeye, kwa nini nisione?

Sule: Gari ya ng'ombe nayo ilisajiliwa kwa alama za vidole? 😂

Fatma: Sule nyamaza. Si leo.

_Time amefuta ujumbe huu_

_Time amefuta ujumbe huu_

Time: Mume wangu yuko baharini, hawezi kukujibu. Akirudi mtamwambia usoni.

Salma: Jamani tuzungumze sola.

_22:41_

Ami Othman: Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Jenereta la nyumba ile liliuzwa kwa amri ya marehemu kaka yangu, akiwa hai na akili zake. Pesa ilikwenda alikotaka yeye iende. Mimi najua, na aliyetumwa kuuza anajua. Nyinyi hamkuambiwa kwa kuwa hakutaka muambiwe. Mwenye swali aje kwangu Limbani, atakunywa kahawa na atapata jibu. Hapa lisitajwe tena.
La pili. Pesa ya mama yenu haitumwi kwa maandishi. Kila mtu ampigie Salma, Salma aisikie sauti, ndipo itumwe.
La tatu. Maryam amtake radhi mke wa mwenzake kabla hajalala.

_23:30_

Khamis Maskati: Sawa Ami.

Fatma: Sawa Ami.


ALKHAMISI, 06:18

_Time ameondoka_

Salma: Nani kaongea na Time?

Fatma: Nimempitia asubuhi nikampelekea mkate. Kashaingia kwenye akaunti ya Mbarouk, haikuuliza namba ya siri. Lakini hataki kurudi kundini. Hakusema zaidi.

Salma: Maryam?

_Maryam Dar amesoma_

Sule: Ami kwa heshima. Sauti nayo siku hizi inatengenezwa kwa akili mnemba. Mtu akipata sauti yako ya kwenye arusi anakuigiza mpaka kikohozi.

Ami Othman: Basi Salma amuulize nani alitumbukia kisimani siku ya arusi ya Rukia.

Fatma: AMI!!! 😂😂😂

Khamis Maskati: 😂😂😂 wallahi nimemwaga chai

Sule: Mimi sina la kusema.

Salma: Mmecheka? Haya. Waliopiga na kulipa: Khamis yote, Fatma laki moja, Juma kasema yake ni ufundi. Mimi yote. Basi. Sule unapiga lini?

Sule: Napiga Da Salma, bando limekwisha.

Fatma: Bi Mkubwa kaniambia niandike hivi: "Mie sikuomba sola. Nimeomba mumlete Mbarouk anitengenezee mlango wa choo."

Salma: Mwambie sola ni ya sindano zake.

Fatma: Kasema sindano ziko baridi kwenye mtungi.

Juma Fundi: Da Salma, kwa pesa iliyopo paneli zote na betri havitimii. Tunaweza kuanza na betri na inveta yenye chaja. Umeme wa shirika ukiwepo inachaji, ukikatika friji inaendelea. Betri ya volti 24, saa-ampea 100, friji ya Bi peke yake inavuka siku na kidogo. Ukitia feni na TV, usiku mmoja tu. Paneli zifuate.

Salma: Na umeme ukija mdogo kama anavyosema Fatma?

Juma Fundi: Hapo haitachaji vizuri. Ndio maana nasema zifuate, si zisahauliwe.

Khamis Maskati: Kwa hiyo nimelipa sola nimenunua betri.

Juma Fundi: Kwa sasa, ndiyo kaka.

_16:05_

Asha K: Jamani ndio nafungua, nilikuwa shamba kwenye karafuu. Natuma sasa hivi kwa ile namba ya Mbarouk?

Salma: ASHA USITUME

Salma: Pokea simu

Salma: Asha

Fatma: Haipatikani.

_16:52_

Asha K: Chaji ilikwisha. Sijatuma. Kuna nini?

Salma: Soma juu. Yote.

Maryam Dar: Salma, ile laki mbili yangu inahesabiwa au haihesabiwi?

Juma Fundi: Da Salma, duka linataka jibu leo na mizigo ya Jumamosi inafungwa kesho. Ninunue betri au ningoje?

Salma: Ngoja.

Salma: Usingoje. Nakupigia baada ya magharibi.