Nimehama Kentucky kwenda Ohio: je, kuijulisha posta kunatosha?

Swali

Ndugu zangu, habari za siku. Nilifika Marekani kama mkimbizi wa Kongo, nikitokea kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, na baada ya kutimiza mwaka mmoja niliomba grini kadi, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Maombi bado hayajajibiwa. Siku sita zilizopita tumehama Louisville tukaja Columbus kwa sababu ya kazi. Posta nimekwisha kuwaarifu ili barua zinifuate huku, lakini jirani ananiambia kwamba uhamiaji nao ni lazima wapewe taarifa yao. Naomba anayeifahamu sheria hii anieleze, kwani sitaki maombi yetu yaharibike kwa sababu ya anwani.

Jibu la kwanza

Kaka, jirani yako amesema kweli, na zimekubakia siku nne. Sheria inamtaka mgeni anayeishi Marekani, hata mwenye grini kadi, kuijulisha idara ya uhamiaji, yaani USCIS, ndani ya siku 10 tangu alipohama. Wasiohusika ni wachache, kama vile wanadiplomasia wenye viza za A na G. Fomu yenyewe ni AR-11 na haina malipo yoyote, kwa hiyo usikubali kumlipa mtu anayedai kuna ada ya serikali.

Ni afadhali uijaze kwenye akaunti yako katika tovuti ya USCIS na kuandika namba ya risiti ya maombi, ile yenye herufi tatu na tarakimu 10, ili anwani mpya iingie mpaka kwenye faili lenu. Kila mmoja wenu ajaziwe taarifa yake, watoto wakiwemo. Kuhusu posta, bahasha nyingi za USCIS huwa na maagizo kwamba mwenyewe asipopatikana zirudishwe zilikotoka, kwa hiyo ombi lako la kufuatwa na barua huenda lisizihusu kabisa.

Jibu la pili

Naongezea, kwa kuwa yalinikuta. Nilihama jengo moja kwenda jingine ndani ya mtaa uleule, nikaona huko si kuhama. Barua ya kuniita kupigwa alama za vidole ikarudishwa, siku ikapita bila mimi kujua, na asiyefika wala kuomba siku nyingine anaweza kuhesabiwa kuwa ameyaacha maombi yake. Nilihangaika sana kueleza kilichotokea.

Andika namba ya nyumba yako ndani ya jengo, usiishie kwenye namba ya jengo. Tena, sisi Wakongo baba ana jina lake, mama lake, na kila mtoto lake. Mleta barua akiona majina manne tofauti kwa nyumba moja, anaweza kudhani watatu hawaishi hapo. Bandikeni majina yote ndani ya sanduku la barua.

Jibu la tatu

Hili halimhusu muulizaji, ila wapo watakaosoma hapa wakiwa na kesi mbele ya hakimu wa uhamiaji. Mahakama hiyo iko chini ya Wizara ya Sheria, haiko chini ya USCIS, na AR-11 haiifikishii taarifa. Mwenye kesi anapaswa kuipelekea mahakama fomu EOIR-33 ndani ya siku tano za kazi. Wito ukienda anwani ya zamani naye asifike, hakimu anaweza kuamuru aondolewe nchini bila yeye kuwepo. Wanafunzi wenye viza ya F-1 nao wamwarifu ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10 vilevile.

Muulizaji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Usiku huu nimejaza za watu wote wanne na kuzichapa karatasi za uthibitisho, nikaziweka pamoja na risiti za maombi. Majina pia nimeyabandika sandukuni, na kesho nitamsubiri mleta barua ili nimwoneshe mwenyewe.