"Ni herufi mbili tu": mzee wa watu kaandikwa "diseased" kwenye nakala 200!

Kindakindaki_wa_Cheyo
Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Mnamjua. Yule yule fundi wa kuchapa ratiba za misiba, Tabora nzima mnamjua, ambaye kompyuta yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Leo saa nane mchana watu wamejaa mpaka barabarani, jeneza liko mbele, msomaji wa wasifu anafungua kijitabu: "The diseased was born in 1941."

DISEASED! Yaani "Mgonjwa alizaliwa mwaka 1941". Ukurasa wa pili mgonjwa kaenda shule. Ukurasa wa tatu mgonjwa kaoa. Mara kumi na moja! Mzee kauguzwa kuanzia kuzaliwa mpaka kaburini, na watoto wake wamekaa mstari wa mbele wanasikiliza.

Fundi akafuatwa kando, akaambiwa kwa adabu. Akajibu: "Ni herufi mbili tu."

Herufi mbili! "Deceased" asili yake Kilatini, maana yake aliyeondoka, aliyekwenda zake. Ni neno la heshima, sawasawa na kufariki kwetu, ambako ni kutengana. "Disease" asili yake Kifaransa cha zamani, kukosa raha. Moja safari, jingine maradhi. Kaondoa e na c, kaweka i na s, na mtu aliyekwisha kupumzika karudishwa wodini. Ankara yake ilikuwa 200,000. Tungeondoa sifuri mbili tu tukamwekea 2,000 mkononi, angesema ni sifuri mbili tu? Angelia kuliko wafiwa!

KalamuNyekundu
Pole sana mkuu. Kosa hili halishikwi na kompyuta, ndiyo maana linarudi kila msiba. Mstari mwekundu unachorwa chini ya neno lisilokuwepo kwenye kamusi ya programu. "Diseased" lipo, ni neno halali, kwa hiyo ukurasa unabaki msafi na fundi anaamini kazi imekwisha. Dawa yake ni dakika mbili: bonyeza Ctrl na F, andika "diseas", kila litakapotokea simama usome sentensi nzima. Halafu toa nakala MOJA, wape ndugu wawili waisome kwa sauti, ndipo uchape 199 zilizobaki. Kwa sauti utalisikia lenyewe, maana "deceased" lina s ya "sisi", na "diseased" lina z ya "mzazi".

AsaliMbichi
Na wewe mleta uzi, nani aliwalazimisha Kiingereza? Mzee wa Cheyo, waombolezaji wa Cheyo, mchungaji wa hapa hapa, halafu wasifu unasomwa kama uko London! "Marehemu" mlilikosea nini? Maana yake aliyerehemewa, ukilitamka tu umeshamwombea. Hamkulitaka. Mmeyavuna.

Kindakindaki_wa_Cheyo
Dada AsaliMbichi, wajukuu wengine wako nje, kijitabu kinatumwa kwao. Hoja ni HERUFI MBILI TU. Angeomba radhi yangeisha. Kasema mbele ya jeneza, mdomo umejaa pilau la msiba huo huo!

Mzaramo_Mgeni
Mimi nawauliza watani zangu Wanyamwezi, jamaa mmehakikisha si mtani? Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema maiti. Mngempa mkeka akae, mngeona analala jenezani kabisa.

MwalimuWaIsevya
Hilo ni dogo. Kinachoumiza zaidi ni "late", kwa sababu kila herufi iko sawa na bado mtu anauawa. "Wife of the late" fulani: aliyekufa ni mume. "Late wife of" fulani: aliyekufa ni mke. Neno limehama nafasi chache tu, na mjane aliyekaa pale na kanga yake ndiye anayezikwa. Kabla ya kuchapa, weka kidole kwenye "late" na uulize linalofuata ni nani. Huyo ndiye marehemu. Na lishike "the" mbele yake. Likibaki peke yake baada ya kitenzi, "he was late", umesema mzee alichelewa.

Tena "passed away" ni kufariki. "Passed out" ni kuzimia, au askari kuhitimu mafunzo. "Mourning" yenye u ni maombolezo, bila u ni asubuhi, na zote mbili hutamkwa sawa, kwa hiyo ukimsomea mtu aandike, mtajie herufi. "Corpse" yenye e mwishoni ni maiti. "Corps" bila e ni kikosi, na hapo p wala s hazitamkwi. Kuna watu wanaandika barua kwa kikosi cha maiti na wanashangaa hawajibiwi.

Reli_ya_Kati
Mwalimu, basi "the late train to Mpanda" tuiweke kwenye ratiba ya mazishi kabisa.

MwalimuWaIsevya
Hapo ni treni iliyochelewa, kitu hakifi kwa "late". Lakini siwezi kukukatalia sana.

Wosia_Mkononi
Mnalia na ratiba, njooni kwenye mirathi muone. Aliyetajwa kwenye wosia asimamie mali ni "executor". Kusipokuwa na wosia, anayeteuliwa na mahakama ni "administrator". Sasa kuna watu wanajaza karatasi "executioner". Huyo ni MNYONGAJI! Familia imekaa kikao kizima imteue mnyongaji wa baba mdogo! Na "survived by" si kwamba walinusurika ajali, ni wale aliowaacha. Ukitafsiri vibaya, ukoo mzima unaonekana ulikuwa kwenye basi moja.

Kindakindaki_wa_Cheyo
Sawa, sawa, lakini turudi kwenye uzi. Mara kumi na moja wakuu. Ya kwanza msomaji alisita. Ya pili akamtazama mchungaji. Ya tatu binti mkubwa akafunika uso na kitenge. HERUFI MBILI!

Dukani_Kanyenye
Hayo maneno ya kifo yamejaa kwenye mikopo na hamuyaoni. "Mortgage" ni Kifaransa cha zamani, rehani mfu. Ukilipa deni, rehani inakufa. Usipolipa, nyumba ndiyo imekufa kwako. Tunasaini tukitabasamu! "Bankrupt" asili yake Kiitaliano, benchi lililovunjika. Hasira yangu iko huko, siyo kwenye vijitabu.

KalamuNyekundu
Ongeza "deadline", mnayoitaja kila siku kazini. Ulikuwa mstari kwenye kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville, Georgia, Marekani, mwaka 1864. Mfungwa akiuvuka, anapigwa risasi.

Dukani_Kanyenye
Na marejesho yangu ni tarehe 28. Asante kwa kuniongezea presha.

AsaliMbichi
Tena "coffin" asili yake kikapu, na bei ya vikapu hivyo hapa mjini siku hizi ni ya gari. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Reli_ya_Kati
Na hizo "R.I.P." zenu mnazobandika kila kukicha kwenye makundi ya simu, mzizi wake Kilatini, "requiescat in pace". Kwa Kiswahili tu, "apumzike kwa amani", mnaona uvivu.

Kindakindaki_wa_Cheyo
Jamani, DISEASED...

Wosia_Mkononi
Tumeelewa mkuu. Naomba kuuliza: kijitabu cha kurasa nane ni karatasi ngapi za A4? Nimetajiwa nane kwa nakala moja.

KalamuNyekundu
Umeibiwa. A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo ni karatasi mbili. Ya nje inabeba ukurasa wa 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Ya ndani inabeba 6 na 3, kisha 4 na 5. Mwambie ageuze kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya wasifu itasimama kichwa chini.

Wosia_Mkononi
Nane! Na fundi ni yule yule!

AsaliMbichi
Fungua uzi wako.