Naomba ushauri: madirisha ya kubadilisha kwenye nyumba ya Njombe

Ndugu zangu, heshima kwenu. Madirisha ya nyumba yetu hapa Njombe ni ya mbao yenye vioo vya luva, na kila Juni na Julai baridi hupenya katikati ya vioo hata vikiwa vimefungwa. Fundi anashauri aluminiamu ya kuteleza, futi 5 kwa 5, lakini aina hiyo hufunguka nusu tu, na kupanua tundu ni kubomoa ukuta wa matofali ya kuchoma. Mimi naelekea kubakiza futi 4 kwa 4 na kuweka ya bawaba, yanayobana vizuri kwenye mpira wa fremu, ingawa kwa kuwa nondo ziko ndani, yatalazimika kufunguka nje. Je, kwa upande wa kusini-mashariki unaopigwa na upepo, mngechagua yapi, na kioo cha milimita 5 kinatosha?