Mrejesho: Kihamba chenye shaba nyingi

Ndugu zangu, mwaka jana niliuliza kwa nini maharage yanadumaa katika kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) cha marehemu baba, hapa Kibosho, Moshi, ambapo kahawa ilipuliziwa mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, kwa miaka mingi. Kipimo cha udongo kilionyesha shaba nyingi na pH (kipimo cha uchachu; ikishuka chini ya 7 udongo ni mchachu) ya 4.8, na katika uchachu wa namna hiyo shaba huyeyuka kwa urahisi na kudhuru mizizi.

Kama mlivyonishauri, nilitandaza kwanza chokaa ya kilimo ili kupunguza uchachu, nikasubiri wiki 4 ndipo nikachanganya mboji ya samadi iliyooza vizuri, kwa sababu chokaa ikikutana na samadi mbichi, naitrojeni hupotea hewani (tuta moja nililoliharakisha lilinuka hadi kwa jirani).

Sasa pH ni 6.1. Juzi niling'oa shina moja nikakuta mizizi mirefu, myeupe, yenye vinundu vya kunasa naitrojeni, ilhali ya mwaka jana ilikuwa mifupi, minene na ya kahawia. Hata hivyo shaba haijaondoka. Imeshikwa tu ndani ya udongo, na udongo ukichachuka tena itaachiwa, kwa hiyo nitaendelea kupima. Kona lilipokuwa pipa la kuchanganyia dawa bado haioti kitu.