Feni ya choo haivuti moshi wa kioo: acheni kudanganya wanaoanza!

Wadau, nimechoka. Kila mtu anayeuliza jinsi ya kutoa moshi kwenye chumba cha kutengenezea shanga za kioo kwa mwali wa gesi anajibiwa afungue dirisha na avae barakoa. Akienda mjini, muuzaji anamtolea feni ya choo ya inchi 4, au ile kofia ya jikoni ya kufungwa juu ya jiko, yenye taa mbili chini, na kumwambia, "Hii inavuta kila kitu, boss." Haivuti! Na muuzaji hajauliza meza ina upana gani, bomba litatokea wapi, wala hewa mpya itaingilia wapi.

Tuanze na kofia ya jikoni maana ndiyo inayouzwa zaidi. Nyingi hazitoi hewa nje kabisa. Zinainyonya kwa chini, zinaipitisha kwenye wavu wa mafuta na kipande cha makaa, halafu zinairudisha humo humo chumbani kupitia matundu ya juu. Kwa harufu ya vitunguu, sawa. Lakini mwali wa gesi na oksijeni unakaribia nyuzi 2,800 za Selsiasi, na kwa joto hilo naitrojeni iliyo kwenye hewa ya kawaida inaungana na oksijeni na kuzaa oksaidi za naitrojeni. Kile kipande cha makaa si kinga dhidi ya gesi hizo, na kaboni monoksaidi inapita kana kwamba hakipo. Hata ukipata kofia inayotoa nje, bado inaning'inia juu ya kichwa. Moshi unapanda kutoka kwenye mwali, unapita puani mwako, ndipo unaifikia kofia. Mapafu yako yameshachukua sehemu yake.

Na msiniambie "mbona sioni moshi". Naitrojeni dioksaidi ukiivuta nyingi unaweza kukohoa kidogo tu, ukafunga kazi, kisha mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye ukiwa umelala. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Vijiti vya kioo vyekundu, vya rangi ya chungwa na vya njano vingi vina kadimiamu, metali yenye sumu, na ukivichoma kupita kiasi inatoka. Wanaopaka kioo mvuke wa fedha au kloridi ya bati kupata ule mng'ao wa upinde wa mvua wanatengeneza hatari nyingine juu ya hiyo: kloridi ya bati kwenye joto inatoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hata moja kati ya hizi. Kazi yake ni vumbi, kwa mfano unapokwangua ndani ya tundu la ushanga ule udongo mkavu uliopakwa kwenye waya ili kioo kisishike, na hata hapo ni heri ukwangue ndani ya maji.

Sasa hesabu, ambayo wauzaji hawataki kuigusa. Unachohitaji ni boksi la bati juu ya meza, limefungwa nyuma, juu na pande mbili, limeachwa wazi mbele tu. Kichomeo kinakaa ndani ya mdomo wa boksi, angalau sentimita 15 kutoka ukingoni, mwali ukielekea ukuta wa nyuma. Mikono inaingia, uso unabaki nje. Hewa inayoingia kwenye mdomo huo isipungue kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Boksi lenye mdomo wa sentimita 90 kwa 60 lina eneo la mita za mraba 0.54. Zidisha kwa 0.5, unapata mita za ujazo 0.27 kwa sekunde, yaani 972 kwa saa. Ongeza kidogo kwa ajili ya mianya, tuseme 1,100 kwa saa.

Feni ya choo ya inchi 4 inatoa kama mita za ujazo 100 kwa saa, tena ikiwa wazi, bila bomba. Mnaona tofauti? Hiyo ni karibu moja ya kumi, na mtu ametoa pesa zake.

Kinachoniudhi zaidi ni presha, yaani nguvu ya feni kusukuma hewa dhidi ya ukinzani wa bomba, inayopimwa kwa paskali. Muuzaji atakusomea ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye katoni ya feni, ambayo ni ya feni isiyosukuma kitu. Feni ya mapanga ya ukutani ikikutana na ukinzani wa paskali 50 inabaki karibu inazunguka bure tu. Chukua bomba la inchi 8, urefu wa mita 4, kona mbili laini: ukijumlisha mdomo wa kuingilia, msuguano, kona na hewa inayotoka juu, unahitaji karibu paskali 110. Kwa hiyo uliza hivi: "Inatoa mita za ujazo 1,100 kwa saa ikiwa kwenye paskali ngapi?" Jibu lisiwe chini ya 150, kwa sababu majedwali ya feni huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari na hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, hivyo presha nayo inashuka kiasi hicho. Asipoweza kukuonyesha mchoro wa feni, ule unaoonyesha inatoa hewa kiasi gani kwa kila presha, toka dukani. Unatafuta feni ya bomba yenye nguvu au ile ya gurudumu la mapezi, aina inayofungwa kwenye jikoni za mahoteli.

Mtu mwingine atanunua feni sahihi kisha aiunganishe na bomba la inchi 4 kwa sababu ndilo lililopo hadwea. Kwa hewa ile ile, kasi ndani ya bomba hilo inafika mita 39 kwa sekunde na presha inayohitajika inakaribia paskali 2,000. Hakuna feni ya aina hii itakayokupa hiyo. Inchi 8, hakuna mjadala. Tena liwe bati la mabati laini la geji 24, si lile bomba la kukunjika la foili lenye mikunjo kama mnyoo, na si PVC ya maji taka. PVC watu wanaitetea eti hewa ikichanganyika haiwi moto sana. Ni kweli, feni ikiwa inazunguka. Stima ikipotea je? Feni inasimama, mwali unaendelea, joto lote linapanda moja kwa moja kwenye plastiki inayoanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Mafundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, wanakunja bati kila siku. Wapelekee vipimo vilivyochorwa, uwaombe mdomo wa kutokea uwe wa mshazari kutoka kwenye boksi hadi bomba, usiwe shimo lililotobolewa tu kwenye kona ya mraba. Viungo vifungwe kwa skrubu na utepe wa foili. Ule utepe wa gundi wa kitambaa ukipata joto unabanduka.

Feni ikae mwisho wa bomba, nje au karibu na ukuta wa nje. Hapo bomba lote la ndani linakuwa linanyonywa, na kukiwa na tundu, hewa ya chumba inaingia ndani ya bomba badala ya sumu kutoka. Ukiiweka juu ya boksi, kila kiungo kinakutemea. Na juu ya paa msiweke kile kifuniko cha bomba chenye umbo la kofia ya Kichina, kinachorudisha moshi chini kwenye madirisha ya jirani. Bomba litokee wima, mbali na dirisha lolote kwa mita 3 au zaidi. Mvua izuiwe kwa bomba pana zaidi lililovishwa nje likiacha nafasi ya maji kutiririka pembeni.

Halafu dirisha. Narudia: dirisha wazi peke yake si mfumo, lakini bila dirisha feni yako haifanyi kazi. Ukitoa mita za ujazo 1,100 kwa saa, nyingine kama hizo lazima ziingie. Nafasi ya kuingilia iwe karibu mita za mraba 0.3 zilizo wazi kweli, mfano sentimita 60 kwa 50. Wavu wa mbu ulioshika vumbi unakula sehemu kubwa ya hiyo, kwa hiyo uoshe au uongeze eneo. Hewa isikujie kwa nguvu mgongoni, maana inazunguka mwili wako na kutengeneza kimbunga kidogo mbele ya kifua kinachorudisha gesi usoni. Iingie polepole, kwa mbali, kutoka pembeni. Na kama kuna jiko la makaa linawaka kwenye chumba cha pili, feni itavuta kaboni monoksaidi yake hadi kwako. Lizimwe kwanza.

Kabla ya kuwasha kichomeo hata mara moja, washa feni, kaa kwenye kiti chako, weka kijiti cha udi kinachofuka pale pale mwali utakapokuwa. Angalia ule uzi wa moshi. Unapaswa kulala na kuelekea nyuma kama nywele zilizochanwa. Ukiona unasimama wima sentimita chache, unasitasita, kisha kishungi kimoja kinajikunja kuja kidevuni, mfumo umeshindwa, hata kama feni inanguruma kama posho mill. Sogeza udi kulia, kushoto, na ukingoni mwa mdomo wa boksi. Pita nyuma ya kiti uone kama mwendo wako unauvuruga. Hakuna muuzaji anayekwambia ufanye hivi, kwa sababu bidhaa zao zingefeli hapo hapo dukani.

Nyongeza, kujibu maswali.

Stima ikipotea katikati ya kazi: funga oksijeni kwanza, kisha gesi, utoke nje. Ushanga utapasuka. Uache upasuke.

Mtungi wa gesi ukae nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na boksi lako la juu ya meza halitaivuta. Weka vizuia moto kurudi kwenye mipira yote miwili, wa gesi na wa oksijeni, jaribu viungo kwa povu la sabuni, na usiguse viungo vya oksijeni kwa mkono wenye mafuta. Mpira wa asetilini usiutumie kwa gesi hii, unaharibika kutoka ndani. Anayetetea mtungi chini ya meza ya bedsita, baada ya mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, Februari 2024, sina maneno naye.

Anayetumia mashine ya oksijeni badala ya mtungi: gesi za mwali ni zile zile, boksi ni lile lile.

Kengele ya kaboni monoksaidi nunua, iwe usawa wa pua ukiwa umekaa. Haitambui naitrojeni dioksaidi, kwa hiyo ukimya wake haumaanishi hewa ni safi.

Kuta za ndani za boksi zisiwe mbao. Kuna aliyependekeza vipande vya paa za zamani za asbesto kwa kuwa haziungui: futa ujumbe huo, ndugu. Ukikata zile umejaza chumba nyuzi za saratani. Bati tupu linatosha, na ukuta wa nyuma ulio mbele ya mwali uongezewe bati la pili lililoachana na la kwanza kwa sentimita 2 au 3.

Na dima ya taa ya kupunguzia mwendo wa feni: hapana. Mota inaunguruma, inapata moto, inaungua. Feni ikiwa na kelele, ning'iniza kwa mipira ya kuzuia mtikisiko, iache izunguke mwendo wake wote.