Kuvua kwa chambo cha manyoya juu ya kayaki katika Ghuba ya Tanga: saa ngapi, mahali gani, na mtu hurushaje akiwa ameketi?

Mwalimu wa Chumbageni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na nina kayaki ya plastiki ya kukalia juu yenye urefu wa futi 12, pamoja na fimbo ya futi 9 inayochukua mshipi wa namba 8 (namba hiyo ni ya uzito wa mshipi). Fimbo na mshipi wake niliachiwa na ndugu yangu ambaye alikuwa akivua samaki wa mito ya baridi huko Uingereza. Kwa wasioujua uvuvi huu, naomba nieleze kwa kifupi: chambo chake hufungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana moja, nacho ni chepesi kiasi kwamba hakiwezi kurushwa kwa uzito wake kama tunavyorusha chubwi (kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi), kinachobeba chambo ni uzito wa mshipi wenyewe, ambao ni mnene na hurushwa nyuma ukanyooka, kisha mbele.

Nikiwa nimesimama ufukweni mambo hunyooka, lakini nikiketi ndani ya kayaki mshipi wa nyuma huangukia majini, na upepo ukianza kayaki hugeuka kabla sijamaliza kurusha. Vilevile sijajua ni saa zipi za maji zinazofaa hapa kwetu, kwa kuwa maandishi mengi niliyoyaona yanahusu visiwa vya mbali ambako bahari haina tabia kama ya ghuba yetu. Ningeomba mwenye uzoefu anieleze wakati, mahali, namna ya kurusha, na samaki gani nimtarajie.

Pepo za Raskazone alijibu:

Mwalimu, karibu sana katika uvuvi huu. Nitaanza na wakati, kwa sababu kwa mtu wa kayaki wakati una maana kubwa kuliko fimbo, mshipi na chambo vikijumlishwa.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukauka karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Hii ina maana kwamba maji ya kujaa, ambayo ndiyo yanayowapandisha samaki juu ya mafungu ya mchanga kutafuta chakula, huingia mchana wakati upepo wa baharini umekwisha kushika, na kwa kayaki na mshipi mwepesi hilo ni tabu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, hali hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi bahari ikiwa shwari, lakini mwendo wake ni mdogo na samaki hawana sababu ya kuhama. Siku ninazozipenda mimi ni zile ambazo maji yanakua kuelekea bamvua, yaani takriban kuanzia tarehe 11 hadi 13 za mwezi wa Kiislamu, na tena kuanzia 26 hadi 28. Siku hizo maji hukauka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kisha huanza kupanda wakati umande bado unavuma taratibu kutoka bara, na unapata saa mbili au tatu za maji yanayosogea kwa nguvu juu ya bahari iliyotulia. Funga kalenda ya mwezi ukutani na upange safari zako kwa hiyo.

Kwa upande wa misimu, maleleji, yaani majira ya upepo mtulivu kati ya pepo kuu mbili, ndiyo neema yetu: kaskazi inapokatika kabla ya masika, na tena kusi inapokwisha na kaskazi haijaanza. Mwezi wa Juni na Julai kusi huwa kali na mtu wa kayaki abaki ndani kabisa ya ghuba. Masika yakikolea, mito ya Sigi na Mkulumuzi huleta tope jingi ndani ya ghuba, na samaki anayewinda kwa macho hukimbilia nje.

Sasa kurusha. Ukiketi, mkono wako unashuka karibu mita moja ukilinganisha na mtu aliyesimama, kwa hiyo mshipi wa nyuma hauna nafasi ya kulegea hata kidogo. Punguza urefu, mita 12 zilizonyooka zinavua samaki, na mita 20 zilizolala kama kamba ya nguo hazivui. Simamisha fimbo nyuma mapema, ikiwa bado imeelekea juu, na wakati huohuo mkono wa kushoto uuvute mshipi kwa ghafla kama shubiri mbili, kisha uurudishe. Fanya vivyo hivyo unaporusha mbele. Mvuto huo wa mara mbili ndio unaoupa mshipi kasi ambayo mwili ulioketi hauwezi kuitoa. Tena, pangilia kayaki ili upepo ukuvumie bega la kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia. Upepo ukitoka kulia, ndoana inapita usoni pako, na miwani pamoja na kofia pana si mapambo.

Kuhusu kayaki kugeuka, chukua upondo mwembamba wa mita mbili na nusu na uuchomeke mchangani, ukiufunga kwa kamba fupi kwenye tezi, yaani nyuma ya kayaki. Kayaki itatulia ikiwa imeelekeza omo, yaani mbele yake, kule upepo uendako, nawe unarusha mbele yako bila kupigana na mawimbi. Penye kina tumia nanga ndogo, nayo pia ifungwe tezi au omo. Kamwe usiifunge ubavuni, kwa kuwa mkondo ukiishika kayaki kwa upande huipindua mara moja. Na panapokuwa na mchanga mgumu na maji ya magoti, shuka. Kayaki imekwisha kukufikisha. Mtu aliyesimama kwa miguu yake anaona mbali zaidi na anarusha vizuri zaidi. Tembea kwa kuburuza nyayo ili samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie na aondoke.

Samaki mkuu wa kumtarajia ni kolekole mdogo na wa kadiri. Utamjua kabla hujamwona: mkizi wadogo waliokuwa wametulia pembeni mwa mikoko huruka wote kwa pamoja, maji yakapasuka nyuma yao mara mbili tatu, kisha kimya. Usirushe pale palipopasuka. Rusha mita mbili mbele ya kule wanakokimbilia, vuta mshipi kwa mikono kwa mivuto mirefu ya haraka, na usisimame, maana kolekole hupenda chambo kinachokimbia. Akiuma, usinyanyue fimbo kama wafanyavyo wavuvi wa mitoni. Endelea kuuvuta mshipi kwa mkono mpaka uhisi uzito wake, ndipo uiinue.

Kwa chambo, anza na Clouser Minnow, aina iliyobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1980. Macho yake ya chuma huizamisha na kuigeuza ili ncha ya ndoana ikae juu, na kwa hiyo hainasi sana kwenye nyasi za baharini, ambazo ghuba yetu inazo kwa wingi. Nyeupe na kijani inatosha.

Mzee wa Sahare alijibu:

Mwanangu Mwalimu, mimi ni mvuvi wa mshipi wa mkono na ngalawa, na uvuvi huo wa manyoya nimeuona kwa vijana tu. Lakini maji ni yale yale, kwa hiyo nina mambo ya kukuongezea.

Ndugu wa Raskazone ameusifu umande, na ni kweli ni upepo mpole, ila usisahau kwamba unatoka bara kwenda baharini. Ukikutana na maji yanayokupwa, viwili hivyo vinakusukuma upande mmoja, kuelekea nje ya mlango wa ghuba, na kafi moja haishindani navyo kwa muda mrefu. Maji yakiwa yanatoka, vulia upande wa ndani, karibu na Kisiwa cha Toten au kandokando ya mikoko, na kila mara uangalie alama mbili za nchi kavu zinazopangana. Zikiachana, jua umesogea. Njia ya meli za bandarini uivuke kwa mkato na kwa haraka, usitege humo wala usipumzike humo.

La pili ni zana za watu. Ukiona boya la chupa au kipande cha plastiki kinaelea, chini yake pana jarife (wavu) au dema (mtego) la mtu, na hiyo ndiyo riziki ya nyumba yake. Pita mbali. Ukikuta ngalawa imetega, sogea uwaamkie wavuvi kabla hujaanza kurusha karibu nao, kwa sababu ukifanya hivyo watakwambia wenyewe samaki alipolala, na siku utakayopatwa na shida watakuwa wa kwanza kukufikia. Mwambie pia mtu mmoja wa pwani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

La tatu, ukimshika tasi, shika kichwa na mkia kwa kitambaa. Miba yake ya mgongoni na ya tumboni ina sumu, na maumivu yake yanaweza kukuondolea nguvu za kupiga kafi. Na mzia hukata nailoni yoyote, kwa hiyo weka shubiri moja ya waya mwembamba ukijua yupo.

Mkaazi wa Bagamoyo alijibu:

Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kutofautiana kidogo na ndugu wa Raskazone juu ya maji ya kujaa, kwa faida ya wale wanaovua kusini zaidi. Hapa Bagamoyo Mto Ruvu huleta matope, na ufuo wetu ni mpana, tambarare na wa kina kifupi, kiasi kwamba maji yakijaa samaki hutawanyika ndani ya mikoko ambako hakuna chambo kitakachowafikia. Sisi tunavua maji yanapoanza kutoka. Unaifunga kayaki kwenye upondo, mita kumi hivi kando ya mdomo wa kijito cha mikoko, na unasubiri kijito kitoe mkizi na kamba wadogo. Wawindaji hujipanga pale maji ya rangi ya chai yanapokutana na maji safi. Mstari huo huonekana kwa macho, wakati mwingine una povu, na kurusha kwa kuufuata sambamba ni bora kuliko kuukata.

Kuhusu rangi, nyeupe na kijani hapa haionekani. Katika maji ya tope chambo cheusi au cha zambarau iliyoiva huonyesha umbo lake vizuri dhidi ya mwanga wa juu, na kiwe kinene, chenye manyoya mengi yanayosukuma maji, kwa kuwa samaki huuhisi mtikisiko kwa mstari wa ubavuni hata pale ambapo jicho halimsaidii. Kivute polepole, ukituliza kila baada ya mivuto miwili. Nadhani hata Tanga, siku Sigi inapoleta tope, njia hii ingekufaa badala ya kukaa nyumbani.

Mwalimu wa Chumbageni aliandika:

Shikamoo Mzee wa Sahare, na asanteni nyote kwa majibu yaliyojaa. Nimebakiwa na mambo matatu. Mshipi niliorithi hulegea na kunata kwenye pete za fimbo jua likipanda, je, umeharibika? Pili, nahitaji kibali? Tatu, samaki nisiyemhitaji nimrudishe namna gani ili aishi?

Pepo za Raskazone alijibu:

Mshipi wako haujaharibika, bali umetengenezwa kwa maji ya baridi. Uti wake na ngozi yake ni laini ili usijikunje kwenye baridi ya Ulaya, na katika joto la kwetu, ambapo hata bahari hufika nyuzi 28 na zaidi, hulainika kupita kiasi. Tafuta mshipi wa nchi za joto wa namba 8 unaoelea, ambao uti wake ni mgumu zaidi. Kabla hujaupata, uoshe huo ulio nao kwa maji ya baridi na sabuni laini, uufute kwa kitambaa, na uutumie asubuhi tu.

Kibali kinahitajika. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, kwa hiyo nenda kwa ofisa uvuvi wa jiji umweleze chombo chako na namna unavyovua. Kisiwa cha Ulenge usivue kabisa, kwa kuwa maji yake ni eneo tengefu. Ghuba ya Tanga yenyewe, pamoja na Mwambani na Kigombe upande wa kusini, zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na huko ruhusa ni ya hifadhi wenyewe. Wapo wanaosema kwamba mtu mwenye fimbo moja hana madhara na hahitaji kuuliza. Mimi siafiki, kwa sababu wavuvi wa Kigombe na Tongoni wamejifunga kwa masharti hayo, na haifai sisi tunaovua kwa kupenda tujione tumesamehewa.

Samaki wa kurudisha usimchoshe. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na kolekole aliyepigana kwa muda mrefu katika maji ya magoti huondoka akiwa hai na kufa baadaye bila wewe kumwona. Mlete haraka kwa kuinamisha fimbo upande, wala si kuisimamisha wima, ambako pia huvunja ncha yake ukiwa umeketi. Bana jino la ndoana kwa koleo kabla ya safari ili itoke kwa mkono mmoja. Mwache majini ubavuni mwa kayaki, lowesha viganja kabla ya kumgusa, mwelekeze kichwa kwenye mkondo, na umwachie pale atakapokaza mkia mwenyewe. Wa kitoweo mchinje papo hapo na umfunike kwa gunia lililoloweshwa, kwani juu ya plastiki ya kayaki jua la saa tano humharibu upesi.