Kusafiri na cherehani na mfarishi wa viraka, Mombasa hadi Lamu

ShonaKisauni: Salaam aleikum wenzangu. Naenda Lamu kwa basi, wiki tatu, na sitaki mfarishi wangu usimame. Cherehani ni ya umeme, ya plastiki, kama kilo saba, imetoka Marekani na haina sanduku lake. Viraka ni vya leso, bado sijakata. Naifunga vipi, na nibebe nini?

FundiMakadara: Aleikum salaam dada. La kuchunga kuliko yote ni gurudumu la mkono. Limetokeza nje na limeshikana na mhimili wa juu. Likigongwa ndani ya buti, mhimili hupinda au giya ya plastiki hung'oka jino. Ukifika mashine itazunguka, lakini itaruka mishono, maana sindano na ndoano ya chini hazikutani tena kwa wakati wake.

Toa sindano, uzi, bobini pamoja na kikombe chake, na kijiti cha kuwekea uzi kama kinachomoka. Teremsha mguu wa cherehani juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Tafuta katoni ngumu, weka sponji ya inchi mbili chini na pande zote, na upande wa gurudumu uzidishe. Pedali na waya zifunge mbali; zikikaa juu ya mashine zitaigonga njia nzima. Isimame wima, isilazwe. Zungumza na utingo mapema uiweke miguuni pako, si kwenye buti.

Mafuta tia siku mbili kabla, shona kwenye kitambaa kibovu mpaka kisitoke na doa, kisha pangusa. Na tafadhali usitumie viraka vyako kuzibia nafasi ndani ya katoni! Doa la mafuta ya cherehani kwenye leso nyeupe ni taabu kulitoa.

Mokowe unapopanda boti, funika katoni kwa nailoni nzito. Ukifika nyumbani ivue hapo hapo: nailoni ikilala na mashine, unyevu hugeuka matone na chuma hushika kutu. Rudisha sindano, na kabla ya kuwasha zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako mara kadhaa, usikie kama sindano inagusa bamba la chini yake.

BiMapindo: Mwanangu, kata kila kitu nyumbani. Mkeka wa kukatia, rula ndefu na kisu cha duara hubaki Mombasa.

Leso fua kwanza kwa maji baridi, nyekundu na nyeusi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Ikiisha kukauka tia wanga na upige pasi, kwa sababu leso ni nyepesi na huvutika ikikatwa mshazari. Kata miraba ya inchi 5½. Ukishona robo inchi kila upande inabaki 5, basi miraba 64, nane kwa nane, hutoa inchi 40 kwa 40. Ongeza sita ya akiba. Vipande vya mji na vya pindo vitenganishe, kisha panga safu nane, kila safu kwenye mfuko wake wenye namba. Ukichanganya huko, utapoteza siku nzima ukipanga upya.

Pamba ya kati na kitambaa cha chini usibebe. Vinajaza mzigo, na kutandika tabaka tatu kwataka sakafu pana. Lamu maliza uso wa viraka tu. Sindano namba 80 zatosha, beba tano. Za 90 ni za tabaka tatu, zingoje. Humo ndani ya basi usishone kitu.

ShonaKisauni: Shukran sana. Na umeme je? Nina plagi ya kubadilishia, ile ya pini tatu.

FundiMakadara: Plagi hiyo hubadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti. Soma kibandiko karibu na tundu la waya. Kikisema 120V, umeme wetu wa 240V utaichoma mota pamoja na pedali. Unahitaji transfoma ya kushusha hadi 110–120V. Mota na taa nyingi hazifiki wati 100, kwa hivyo chukua ya wati 200, isifanye kazi ukingoni. Ni nzito, ifungashe kwenye mkoba mwingine. Kibandiko kikisema 220–240V, plagi yako yatosha.

BiMapindo: Na umeme ukikatika, shona safu kwa mkono: uzi wa pamba, mishono minane kwa inchi, na urudishe nyuma mshono mmoja kila baada ya inchi moja ili usifumuke.